Baiskeli Kuukuu ya Bw. Obree

Bw. Graeme Obree wa Scotland, mpanda baiskeli wa ridhaa asiye na mali, alijitengenezea baiskeli ya mashindano kwa mikono yake. Beringi za kuzungushia pedali alizitoa katika mashine ya kufulia nguo. Usukani aliugeuza hata akaweza kukunja mikono chini ya kifua, upepo usimzuie.

Tarehe 16 Julai, 1993, huko Hamar, Norwe, aliijaribu rekodi ya mwendo wa saa moja: kilomita 51.151, iliyowekwa na Bw. Francesco Moser wa Italia mwaka 1984. Alipanda baiskeli mpya iliyofanyizwa kwa mfano wa ile yake, nzuri sana kwa macho. Akashindwa.

Wengine wangalifunga mizigo. Yeye aliazimia kurudi uwanjani asubuhi yake, na miguu iliyofanya kazi ya namna ile hukauka kama kuni usiku. Basi alikunywa maji tele ili haja ndogo imwamshe mara kwa mara, na kila alipoamka aliinyosha misuli. Hila ya kuchekesha, lakini ni ya mtu aujuaye mwili wake. Kulipokucha akaichukua ile kuukuu, akaenda kilomita 51.596.

Baada ya siku sita, Bw. Chris Boardman wa Uingereza akaipita rekodi hiyo.