Kinywa cha Mgonjwa Asiyejitambua



Juma lililopita alitujia mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu, uso umemsawijika. Bintiye anasomea uuguzi upande wa Kisii, na katika mtihani wa vitendo wodini ameanguka. Kilichomwangusha ni kusafisha kinywa cha mgonjwa asiyejitambua. Mama alikwisha kuazimia kumrudisha mwanawe Mombasa. Kwa dhana yake, mtandio ndio uliomponza.

Tulizungumza na binti mwenyewe kwa simu, na habari yake ilikuwa nyingine. Mtandio aliuchomeka ndani ya sare, akanawa hadi viwikoni, kama tunawavyo kwa udhu. Mgonjwa alimlaza ubavu ili maji yasimteremkie mapafuni. Shashi aliishika kwa kibano, wala hakutia kidole baina ya meno, kwani asiyejitambua huweza kuuma pasi na kukusudia. Yote hayo mtahini aliyapitisha. Alichokosa ni kusema. Tangu mwanzo hadi mwisho hakumwambia yule bibi kizee neno: hakumsalimu, hakumweleza anachotaka kumfanyia. Aliona haya. Bibi ni Mgusii, tena amelala kama asiyesikia. Aseme nini, na kwa lugha gani?

Sisi hatuoni kuwa ameonewa. Wauguzi hufundishwa kumwambia mgonjwa kila jambo kabla ya kumgusa, hata akiwa hana fahamu, kwa kuwa huenda anasikia. Na kinywa si cha kufanyiwa haraka: vijidudu vyake vikishuka mapafuni huleta nimonia, nayo huwaua wanyonge. Akina mama wanaoosha maiti hapa kwetu watalifahamu jambo hili upesi kuliko wengi. Mwosha hamgeuzi maiti ovyo. Humsitiri, humshika taratibu kana kwamba anaumia. Basi itakuwaje kwa aliye hai?

Mama aliuliza pia, kwa sauti ya chini, juu ya kuwagusa wagonjwa wanaume. Tulimshauri amwendee shekhe wake, ingawa tujuavyo sisi, wanazuoni wengi wameruhusu penye haja ya tiba.

Lililobaki ni lugha. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu kina matawi Kisii na Nyamira, na mabinti wa pwani hupangiwa huko, mwendo wa kilomita zipatazo 800 kutoka Mombasa. Wengi hujikusanya wao kwa wao, wakazungumza Kiswahili chao asubuhi hadi usiku, kisha wodini wakawa mabubu. Binti huyu sasa anafundishwa na mama mwenye nyumba aliyopanga. Ameanza na salamu: “Bwakire buya, magokoro,” yaani, umeamkaje, bibi.

Mtihani ataurudia mwezi ujao, inshallah. Nauli iliyowekwa ya kumrudishia nyumbani, mama ameituma ikanunuliwe viatu vya wodini.