Siri ya Wafua Matoazi

Husemwa kwamba ufundi ukifichwa ndani ya ukoo haupotei. Mimi nauliza: ni nani katika ukoo huo anayefundishwa? Baba mhunzi mwenye binti hodari na mwana mvivu, mara ngapi humwachia mvivu nyundo?

Tazameni kampuni ya Zildjian, watengenezaji wa matoazi. Ilianzishwa mwaka 1623 mjini Istanbul na Mwarmenia aitwaye Avedis, aliyejua kuchanganya shaba na bati hata toazi likalia vizuri bila kuvunjika. (Jina lenyewe maana yake ni mwana wa mfua matoazi.) Mwaka 1929 kazi ikahamia Marekani. Kwa zaidi ya miaka 300 siri hiyo ilirithiwa na wanaume tu, na mabinti wamo humo humo nyumbani! Nao wanaume hawakupatana. Baba yao alipokufa mwaka 1979, Armand na Robert waligombana, na mwaka 1981 Robert akaanzisha kampuni yake, Sabian, huko Kanada. Armand alibaki na kiwanda cha wazee. Siri akawapa binti zake, na mwaka 1999 Craigie akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza.