Nauli ya Kwenda kwa Mjukuu

Binti akijifungua ng'ambo, simu ya kwanza humfikia mama yake: "Mama, njoo." Moyo huondoka siku ileile. Nauli ndiyo hubaki nyuma.

Rafiki yetu wa Dar es Salaam aliitwa hivyo na binti yake aliyeko London. Wakala alimpatia tiketi ya bei rahisi, naye akashukuru. Hakuelezwa kwamba zilikuwa tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaondoka bila yeye, na wenye ndege wakasema hawana deni naye. Mama wa watu alilala kwenye viti vya uwanja usiku mbili, mpaka binti yake, mzazi mbichi, aliponunua tiketi nyingine.

Basi kabla ya kulipa tuulize: je, safari nzima imo katika tiketi moja? Mizigo inafika hadi mwisho? Tiketi zikiwa mbili, huenda ukalazimika kuchukua mizigo njiani na kuikabidhi upya, na hapo waweza kudaiwa viza ya nchi unayopita tu.

Mara nyingi nauli nafuu ni ya kubadili ndege Addis Ababa, Doha, Istanbul au Dubai. Linganisha bei kwa mawakala wawili watatu, kisha uliza shirika lenyewe. Julai, Agosti na Desemba bei hupanda. Mtoto hachagui mwezi wa kuzaliwa, lakini kama binti ana mtu wa kumsaidia siku za mwanzo, kungoja hadi Septemba kwaweza kuokoa fedha nyingi. Viza itangulie, maana tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishiwi fedha.

Na hili latuhusu hasa sisi tulioolewa: jina la tiketi lilingane na la pasipoti. Kama pasipoti ina jina la baba yako, usikatiwe tiketi kwa jina la mume, hata kama kanisa zima hukuita hivyo.

Rafiki yetu alifika mjukuu akiwa na siku tisa. Unga wa ulezi wa uji wa mzazi ulifika wiki moja baadaye, mfuko umepasuka, na mashirika yote mawili yakasema siyo wao.