Bashi si nyumba

Bandugu vijana wa Goma,

Tarehe 22/05/2021 moto wa Nyiragongo ulikula nyumba za Buhene. Jamaa zikapewa bashi, maharagi na ahadi. Sasa mtu anatoka chini ya bashi namna gani? Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba isipite miezi 3. Kwetu mutaani wanaomba 6! Hata hiyo 3, mama mwenye kuponda mawe kutwa nzima ataitoa wapi? (Mimi na lisanse yangu, siiwezi.)

Leta itoe parsela zenye karatasi, na waliopoteza nyumba ndio walipwe kwa kuzijenga. Parsela bila kazi itauzwa juu ya unga. Bamaso wako mulemule kati yao, mawe yako chini ya miguu yao. Kampuni ya kutoka mbali ni ya nini?