UWANJA WA KIRUMBA: CHAMA SI MWENYE NYUMBA



Kila timu ya Mwanza inapopanda daraja au kushuka, swali moja husikika kutoka Igoma na Nyakato mpaka Mwaloni kwa wauza dagaa: uwanja wa Kirumba ni wa nani? Na kila mara sisi wa chama tunajibu kwa kuelekeza kidole kwenye jina lake. Ni CCM Kirumba, basi, maneno yameisha. Mimi nasema hayajaisha, na ni afadhali yasemwe na sisi wenyewe humu ndani kuliko kungoja wengine watusemee barabarani. Mwalimu aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe mwaka 1962, chama kikiwa bado na joto la Uhuru. Hakukiandikia maadui. Alituandikia sisi.

Turudi nyuma kidogo. TANU ilizaliwa Julai 1954, na muda si mrefu wakoloni wakaipiga marufuku huku kwetu Usukumani. Kwa miaka karibu minne mwana-TANU wa Mwanza hakuwa na ruhusa ya kufungua tawi wala kuita mkutano wa hadhara. Mwaka 1958 watu wa Geita walipochoshwa na mabaraza ya mseto waliyolazimishwa na Serikali ya kikoloni, walitembea kwa maelfu mpaka Mwanza mjini, wakakaa hapa wakidai kusikilizwa. Walichojibiwa ni virungu na mabomu ya machozi. Kosa lao lilikuwa kukusanyika mahali ambapo bwana mkubwa alidhani ni pake. Chama chetu, kwa hiyo, kilianza maisha yake Mwanza kikiwa chama kisicho na mahali pa kusimama. Mwana wa chama cha namna hiyo akisikia neno "mwenye uwanja" inampasa ashituke kidogo.

Sasa tuje Kirumba. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1980, miaka mitatu baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana tarehe 5 Februari 1977. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Idi Amin alivamia Kagera mwaka 1978, na mji wa Mwanza ulikuwa karibu na moto ule kuliko miji mingi. Katika shida ile ya saruji, ya nondo, ya mafuta na ya sabuni, palisimama uwanja unaohesabiwa kuchukua watu 35,000. Hilo ni jambo la kujivunia, na mimi najivuna nalo. Lakini nauliza: nguvu ile ilitoka wapi? Tangu 1965 mpaka 1992 sheria ya nchi ilijua chama kimoja tu. Chama kilishika hatamu. Mkulima wa pamba wa Kwimba, mvuvi wa Ukerewe, karani wa bandari, mwenye duka, aliye na kadi na asiye na kadi, wote walikuwa chini ya paa moja, maana paa la pili halikuwepo. Kilichopita mkononi mwa chama wakati ule kilikuwa jasho la wote. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, paa liligawanyika, lakini uwanja ukabaki upande mmoja wa ukuta.

Na si Kirumba peke yake. Sokoine kule Mbeya, Sheikh Amri Abeid kule Arusha, Mkwakwani kule Tanga, Jamhuri kule Morogoro, hadithi ni moja. Nazungumza juu ya Kirumba kwa kuwa ndio ninaoujua, na kwa kuwa Mwanza si kijiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6 katika mkoa huu.

Wako ndugu watakaosema: chama kinautunza uwanja, mnataka nini tena? Basi tuutazame utunzaji. Bodi ya Ligi imekwisha kuvifungia viwanja kadhaa vya chama nchini kwa ubovu wa eneo la kuchezea na vyumba vya wachezaji. Timu inafukuzwa nyumbani kwake, inahamia mkoa mwingine kwa gharama ya wanachama wake, na mpangishaji anangoja irudi. Maana ni mpangishaji, tusidanganyane. Mechi ikichezwa, sehemu ya kiingilio hukatwa kwa ajili ya uwanja. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Jambo lililokuwa aibu kwa kiongozi mmoja linakuwaje fahari likifanywa na chama kizima?

Wengine watasema halmashauri haziwezi kutunza kitu, ukiwapa leo kesho ni pori. Nawaomba wateremke mjini wautazame uwanja wa Nyamagana. Ni mali ya Jiji, nao umetandikwa nyasi bandia. Wavuke ziwa mpaka Bukoba wautazame Kaitaba. Ni wa Manispaa, nao vilevile. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia kwa viwanja vya majiji, neema kubwa. Lakini siku Hazina itakapotoa shilingi yenyewe kuutengeneza uwanja wa chama, mlipa kodi asiye mwanachama atauliza kwa nini fedha yake inakarabati nyumba ya mtu. Tutamjibu nini? Swali lake ni halali, na mimi mwanachama sina jibu. Na tukikataa fedha ya Hazina, tutautengeneza kwa nini? Kwa ada za kadi?

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Dar es Salaam ina uwanja wa Benjamin Mkapa tangu 2007, Zanzibar ina Amaan, Arusha ikaanzishiwa uwanja mpya wa watu 30,000. Mwanza, mji mkubwa wa ziwa ambalo nchi zote tatu zinalinywa, ikabaki mtazamaji.

Na watu wa Mwanza hawajauacha uwanja wao. Tarehe 28 Mei 2022 Simba na Yanga zilikutana Kirumba nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na mji mzima ulisimama. Pamba iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka zaidi ya 20, wazee walioshangilia Pamba ile ya zamani waliingia na wajukuu wao. Na tarehe 24 Machi 2021 mwili wa Rais Magufuli, aliyekuwa pia Mwenyekiti wa chama chetu, ulilazwa pale ili Kanda ya Ziwa imuage. Watu walimiminika wakilia. Hakuna aliyeulizwa kadi mlangoni. Siku ile tulikiri wenyewe, bila kutamka, kwamba uwanja ni wa watu.

Ninachotaka ni hiki. Mkoa utoe hadharani hesabu za uwanja, mapato na matumizi, ili mwanachama na asiye mwanachama wasome. Kisha uwanja ukabidhiwe chombo cha umma ambamo zitakaa Manispaa ya Ilemela, ambayo Kirumba imo ndani yake tangu 2012, Halmashauri ya Jiji, chama cha mpira cha mkoa na vilabu vyenyewe. Najua Ilemela na Jiji watavutana kamba juu ya nani akae mbele. Wavutane, hiyo ndiyo kazi ya madiwani. Chama kibaki na kiti chake mle, na jina la Kirumba libaki lilivyo. Mikutano yetu tutaifanya pale kama wengine wote: kwa kuomba, kwa kulipa, na kwa kusubiri zamu. Jambo hili liingizwe katika ajenda ya Halmashauri Kuu ya Mkoa itakapokaa, na wajumbe wa Ilemela na Nyamagana waulizwe mmoja mmoja wako upande gani.