Mdogo wake si mkalimani

Wiki iliyopita mama mmoja wa Katoro, mkoani Geita, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Binti yake ana miaka 15, ni kiziwi, anasoma shule ya bweni na alikuwa nyumbani likizo. Usiku tumbo likamshika. Kulipokucha wakapanda bodaboda hadi kituo cha afya: mama, binti, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 9, kwa sababu huyo ndiye "anayemwelewa zaidi dada yake".

Nesi aliifanya kazi yake vizuri, mama mwenyewe anasema. Aliuliza maswali ambayo msichana wa umri huo ni lazima aulizwe. Siku zako ulizipata lini mara ya mwisho? Kuna uchafu unatoka? Umewahi kukutana na mwanamume? Maswali yote hayo yakaangukia mikononi mwa mtoto wa darasa la tatu. Mtoto akamtazama mama, akatazama sakafu, kisha akamfanyia dada yake ishara ya tumbo na ishara ya kuuma. Dada akaitikia kwa kichwa. Nesi akaandika.

"Sijui aliandika nini, dada," mama ananiambia. "Na sijui binti yangu alikubali nini."

Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, siku nyingine amwite nani? La pili, atajuaje kama huyo atakayeitwa anaijua kazi? Hilo la pili ndilo limenikaa kichwani wiki nzima.

Fikiria, mzazi mwenzangu. Nesi anayemchoma mwanao sindano amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Dereva wa basi linalowatoa Kahama kuwapeleka Mwanza ana leseni, na trafiki atamsimamisha aione. Lakini mtu anayesimama kati ya mwanao na daktari, au kati ya mwanao na askari, akachukua maneno ya huyu na kumpa yule, hana baraza linalomsajili kwa namna hiyo wala leseni ya kuonesha. Inatosha aseme, "Mimi najua lugha ya alama kidogo." Hiyo "kidogo" ndiyo inayoandikwa kwenye faili.

Huku kwetu Shinyanga na Geita wanaoitwa wakalimani ni wa aina tatu: ndugu wa familia, waumini wanaotafsiri ibada, na walimu wa elimu maalumu, kwa mfano wa shule yenye watoto viziwi kama Buhangija pale Shinyanga mjini. Siwadharau. Mara nyingi wanaitwa saa za usiku, hawalipwi, na bila wao kusingekuwa na mtu kabisa. Lakini kufundisha si kukalimani. Kazi ya mwalimu ni kurahisisha: akiona neno gumu analipunguza, akiona mtoto amekwama anamsaidia kujibu. Mkalimani akifanya hivyo mbele ya daktari au hakimu ameharibu. Yeye hana ruhusa ya kupunguza wala kuongeza. Kiziwi akitukana, anatafsiri tusi. Akisema jambo lisiloeleweka, anamwambia askari kwamba halijaeleweka, hajazi pengo kwa akili yake.

Halafu kuna lugha yenyewe. Wengi tunadhani lugha ya alama ni Kiswahili kinachosemwa kwa mikono. Sivyo. Lugha ya Alama ya Tanzania ina mpangilio wake wa sentensi, na uso una kazi kubwa. Nyusi zikipanda kauli inakuwa swali. Tena haikukulia mahali pamoja. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974, na nyingine baadaye, na watoto wa kila shule walikuza alama zao. Juhudi za kuzisanifu zipo, lakini mzee aliyesoma Tabora zamani na kijana aliyetoka shule nyingine bado wanaweza kupishana kwa maneno ya kawaida tu. Mkalimani mzuri analijua hilo na anauliza kwanza: ulisoma wapi?

Na wapo ambao hawakusoma popote. Nenda vijiji vya Nyang'hwale au Mbogwe, au kwenye machimbo madogo, utamkuta kijana kiziwi anayeponda mawe tangu utotoni, ambaye lugha yake ni ishara alizotunga na mama yake jikoni. Mama mwenyewe anaongea Kisukuma zaidi kuliko Kiswahili. Huyo ukimletea mkalimani mwenye cheti hawataelewana. Wenzetu waliotangulia katika kazi hii wana njia: wanaleta watu wawili, mkalimani anayesikia na mkalimani ambaye naye ni kiziwi. Kiziwi huyo ndiye anayekaa na kijana, anasoma ishara zake za nyumbani na kuzigeuza kuwa lugha ya alama, kisha mwenzake anazitoa kwa sauti. Ni kazi ya polepole. Lakini kijana huyo anafanya kazi karibu na baruti, na onyo la kabla ya mlipuko linatolewa kwa kelele. Asipoelezwa vizuri kanuni za duara lake, hakuna wa kumwita arudi nyuma.

Nije kwenye jambo linalotutisha zaidi sisi wenye mabinti. Mtoto akifanyiwa ukatili, safari inaanzia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, anapewa PF3 aende hospitali, na anaandikiwa maelezo. Maelezo hayo ya siku ya kwanza ndiyo yatakayomfuata mahakamani miezi mingi baadaye. Wakili wa upande wa pili atayashika mkononi na kuuliza kwa nini leo unasema hivi na siku ile ulisema vile. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama. Mlango upo wazi. Nani atasimama mlangoni kuzitafsiri hizo ishara? Ikiwa ni baba mdogo, na anayetuhumiwa ni rafiki wa baba mdogo, au ni baba mdogo mwenyewe, je?

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma katika huduma za umma. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Mwaka mmoja kabla yake Sheria ya Mtoto ilishampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Karatasi tunazo. Kinachopungua ni kipimo cha hilo neno "taaluma": mtu asome nini, kwa muda gani, apimwe na nani, na akikosea anyang'anywe na nani.

Majirani wameshaanza. Uganda waliitaja lugha ya alama katika Katiba yao ya 1995, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinatoa stashahada ya ukalimani wake. Kenya waliiingiza katika Katiba ya 2010 na kuifanya moja ya lugha rasmi za Bunge. Afrika Kusini walijifunza kwa aibu: Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Mandela, mtu mmoja alisimama pembeni ya marais akipunga mikono mbele ya dunia nzima, na viziwi wa nchi hiyo hawakuambulia neno. Alifika pale bila kupimwa ipasavyo. Kama ilitokea pale, kwenye kituo cha afya cha kata nani atagundua?

Najua hoja inayopingwa nayo: tukiweka masharti makali, hao wachache tulionao Geita watakimbia na tutabaki bila mtu. Ni hoja nzito, na nadhani jibu lake ni madaraja. Mkutano wa kijiji au kikao cha wazazi shuleni si sawa na chumba cha kujifungulia, na chumba cha kujifungulia si sawa na mahakama. Walio kazini sasa wapewe muda wa kufanya mtihani huku wakiendelea na kazi nyepesi. Lakini polisi na mahakamani nisingelegeza hata kidogo. Na kwenye jopo la kuwapima wawepo viziwi wenyewe, kupitia chama chao cha CHAVITA. Anayesikia hawezi kujua peke yake kama kiziwi ameelewa.

Fedha? Halmashauri za ukanda huu wa dhahabu si maskini kama nyingine. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kampuni za migodi hupanga kila mwaka na halmashauri fedha za uwajibikaji kwa jamii. Tunaona madarasa, madawati na zahanati zinajengwa, na ni jambo jema. Kusomesha vijana wawili wa wilaya wakarudi wakalimani waliofuzu kungegharimu kiasi gani ukilinganisha na darasa moja? Diwani wako anaweza kuulizwa. Halmashauri hizo hizo zina mikopo ya asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha viziwi kikiitwa kwenye usaili bila mkalimani, mkopo huo utabaki jina tu.

Sasa nimjibu mama wa Katoro. Anza kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na tawi la CHAVITA la mkoa, uombe majina mapema, mtoto akiwa mzima. Akija mtu, muulize alijifunzia wapi na kwa muda gani, kisha mwache akae na binti dakika tano waongee mambo ya kawaida. Binti ndiye atakayekuambia kama wanaelewana, usoni utaliona. Mweleze mapema kwamba yatakayosemwa yasitoke nje ya chumba, na akishangaa kuambiwa hivyo, mtafute mwingine. Kwa binti tafuta mwanamke. Kikao kikizidi nusu saa omba mapumziko, kwa kuwa akili ya mkalimani ikichoka makosa huongezeka. Na umwombe nesi au askari aandike kwenye faili jina la aliyetafsiri.

Kama hakuna mtu karibu, mkalimani wa Mwanza au Tabora anaweza kufanya kazi kwa simu ya video. Hakikisha una bando la kutosha na chaji, usimuweke binti mgongo kwenye dirisha kwa sababu mikono yake haitaonekana, na iegemeze simu kwenye kitu ili mikono yake yote miwili ibaki huru.