Ankara zisiachwe katika kompyuta moja

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza bidhaa Dubai au Guangzhou huweka fedha benki, lakini ankara na hati za shehena huziacha ndani ya kompyuta moja ya dukani. Kosa huanza siku ya kufungua barua pepe. Fundi akichagua mfumo wa POP3, barua hushushwa kwenye mashine hiyo na mara nyingi hufutwa katika seva. Mashine ikiibwa, muuzaji atadaiwa kwa ushahidi gani? Mfumo wa IMAP huziacha kwenye seva, zikasomeka hata kwa simu. Mwenye duka amuulize fundi kabla ya kumlipa. Tena aiondoe michezo aliyopakia mpwa wake. Virusi hupenda kupitia humo.